Matumbo ya Ningu

Shahada yangu ilikuwa imebakiza kitu kimoja tu: matumbo ya ningu. Nilihitaji samaki mzima, nimpasue mwenyewe, nione amekula nini na wapi. Ningu ndiye samaki aliyekuwa akijaa kwenye midomo ya mito yetu kila mvua zinapoanza, akipanda kwenda kutaga. Siku hizi unaweza kukaa mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, wiki nzima usimwone. Ndiyo maana kibali changu kiliniruhusu samaki ishirini, msimu mmoja, basi. Nikiwaharibu hao ningesubiri mvua za mwaka mwingine, na msimamizi wangu alikwisha kuchoka kunisubiri.

Kwetu ni Nshambya, mjini Bukoba, lakini mto niliokuwa nikiuchunguza ulikuwa wilayani Muleba, kwa hiyo nilihamia Izigo kwa shangazi, dada yake baba. Kila asubuhi nilishuka mwaloni nikiwa na buti, daftari na hasira zangu, ambazo hazihitaji kibali.

Mvuvi niliyepatana naye nilimweleza mara tatu: samaki mzima, usimguse. Akaitikia kwa kichwa mara tatu. Siku iliyofuata akanikabidhi ningu kumi na wawili ndani ya jani la mgomba, wameparwa magamba, wamepasuliwa, wameoshwa wakang'aa.

"Matumbo yako wapi?" nikauliza.

"Nimeyatupa ziwani, waitu. Wewe mgeni, tena msomi, nikupe samaki na uchafu wake? Mimi sikulelewa hivyo."

Nilimfokea mpaka wachuuzi wa dagaa wakaacha kuanika. Alinisikiliza kwa adabu zote, akasema hasira hasara, kisha akaniongezea malimau mawili ya kukolezea mchuzi.

Wanane waliobaki niliwasimamia mwenyewe, maji yakinifika magotini. Kila aliyesogea na kisu nilimtazama vibaya. Nikawaweka kwenye ndoo yenye barafu, nikapanda nao Izigo nikijisifu njia nzima. Ni pale nilipoitua ndoo jikoni ndipo nilipokumbuka kwamba chupa za dawa ya kuhifadhia nilikuwa nimeziacha Nshambya, juu ya kabati la mama.

"Shangazi," nikasema, "nakwenda mjini mara moja. Hii ndoo isiguswe."

"Mimi na vitu vya watu wapi na wapi?" akajibu, akiendelea kumenya ndizi.

Niliporudi alasiri, harufu ya mchuzi ilinipokea nikiwa bado barabarani. Niliingia jikoni mbio. Ndoo ilikuwa imesuguliwa na kuanikwa kifudifudi.

"Jirani alikuja kuomba moto, akafunua," shangazi akaeleza kabla sijapumua. "Akaniuliza, huyu ndiye binti wa kaka yako, anayelaza samaki na matumbo yao kutwa nzima? Mawe, mama yangu! Ningemjibu nini? Msichana asiyejua kupasua samaki, anayeaibika ni shangazi yake. Nikakuokoa, mwana wange."

"Matumbo, shangazi!"

"Nimeyafukia kwenye migomba. Yanaifaa sana."

Nilikimbilia kibanjani, kwenye migomba yake, na kijiko cha chai. Nikapiga magoti, nikafukua chini ya nyasi shina kwa shina, huku kuku wakinitangulia. Nilipata matumbo matatu, moja baada ya kuvutana na jogoo. Nikalipasua palepale. Shangazi alisimama nyuma yangu, ameshika bakuli kama nilivyomwamuru.

"Tope," akasema hata kabla sijafungua vizuri. "Tope na ule utelezi wa kijani wa kwenye mawe. Na mvua zikianza wanajificha kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, pale mto unapotulia. Nimewapasua tangu utoto wangu. Mbona hukuniuliza?"

Nililia. Nililia kwa hasira, halafu kwa aibu, kwa sababu nilikuwa nimekaa naye mwezi mzima na kweli sikuwa nimemuuliza. Aliniacha nimalize, akaninawisha mikono, akaniketisha mbele ya sahani ya ebitoke, zile ndizi alizokuwa akimenya, na ningu. Juu kabisa aliweka mayai ya samaki, ambayo nyumbani kwake hupewa mgeni kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nilikuwa sijala tangu alfajiri. Nikala. Yalikuwa matamu kiasi kwamba nilisahau msimamizi, nikasogeza sahani nikaomba mengine.

"Yapo tele," akasema kwa furaha, akipakua. "Wote wanane walikuwa wamejaa."

Nikaacha kutafuna. Kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko langu la utafiti nilikuwa nimeandika, na kupigia mstari, kwamba ningu wanakwisha kwa sababu watu wanawakamata kabla hawajataga. Niliandika "watu".

"Chumvi imezidi?" shangazi akauliza.

Nikamwambia hapana, nikameza.