Ndugu wa Bwana Ashworth

Mimi niliyetangatanga Bara miaka mingi bila jamaa, sasa napokea wageni katika nyumba moja ya kulala wageni Chake Chake. Ndiyo maana nilimhurumia mgeni wetu mmoja Mwingereza, Bwana Ashworth. Jina lake lilianzia kijiji kimoja kaskazini mwa Uingereza, likasambaa hadi Australia na Kanada, naye hutia alama kwenye ramani kila linapopatikana. Pemba ilikuwa tupu, na alitamani sana apate hata mmoja.

Siku yake ya pili kwetu akaingia mwanamke wa Kiingereza. Pasipoti yake: Ashworth. Kwetu jina la mwisho ni la babu, na mke habebi jina la mume. Basi hawa babu yao mmoja, nikajiambia, nikajiona msomi.

Nikamwomba Bi Time, mpishi wetu, apike pweza wa nazi. Nikawaita meza moja bila kuwaeleza kitu.

"Bwana Ashworth, damu yako hii hapa."

Wakatazamana. Mwanamke akaweka uma chini.

"Huyu alikuwa mume wangu. Nilichagua Pemba kwa sababu kwenye ramani yake haikuwa na alama."

Bi Time akaninong'oneza, "Haya, mpe kalamu."