Dada Yangu Huchumbia Nguo

Dada yangu huchumbia nguo. Sisemi hivyo kumtania. Ni neno lake mwenyewe, na ukimwona dukani utakubali kwamba halina mbadala. Siku ya kwanza anaingia, anaitazama nguo, anaishika, anaigeuza ndani nje akague mshono, kisha anaondoka bila kuuliza bei. Hiyo ni siku ya kujuana. Siku ya pili anarudi na mfuko wenye viatu vyake, mkoba na mitandio miwili mitatu, anaivaa ile nguo na kusimama mbele ya kioo pamoja na hivyo vitu vya nyumbani. Hapo nguo inatambulishwa kwa ndugu, na nyingi huishia hapo, maana ndugu wakimkataa mgeni hakuna ndoa. Siku ya tatu ni ya jibu. Anajiuliza swali moja tu: nitaivaa wapi? Akipata sehemu tatu za kweli, ananunua. Asipozipata anairudisha kwenye henga, anamshukuru mwenye duka na kutoka kifua mbele, utadhani amelinunua duka zima.

Mimi ni mdogo wake, fundi cherehani, na subira hiyo sina. Kwangu nguo ni kazi. Nina chumba kimoja kando ya barabara, cherehani mbili, meza ya kukatia na marobota ya vitambaa vya sare za shule: kijivu, buluu iliyokoza, nyeupe, kisha kijivu tena. Navaa aproni Jumatatu hadi Jumamosi, na chini ya aproni huwa hata sina habari nimevaa nini. Watu hawaamini kwamba tumezaliwa tumbo moja. Yeye tangu tukiwa shule anaitwa Pasi, kwa sababu hajawahi kuonekana na kunyanzi, hata kwenye leso.

Huo uchumba haukuwapo zamani. Shemeji alipofariki, Pasi alianza kununua. Alinunua siku za mshahara na siku zisizo za mshahara, alinunua njiani akirudi kazini, alinunua nguo za saizi yake na zisizo za saizi yake. Ikapita miaka miwili hivi. Jumapili moja mchana akaniita niende na nyundo na misumari. Nilipofika nikakuta mti wa kutundikia nguo ndani ya kabati umekatika katikati, na nguo zimemwagika mpaka chini ya kitanda, nusu yake zikiwa bado na lebo. Mdomo wangu hauna breki. Nikamuuliza kama amefungua duka bila kunialika.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alikaa ukingoni mwa kitanda akiwa ameshika blauzi mbili zinazofanana kabisa, moja kila mkono.

"Nikifungua mlango jioni mikono mitupu, nyumba inanishinda," akasema. "Nikiwa na mfuko mkononi, naona kama nimeingia na mtu."

Niliweka nyundo chini, nikashika upande mmoja wa lile lundo, yeye akashika mwingine, tukachambua hadi jua likazama. Zile alizozipenda na kuzivaa zilibaki. Nyingine zikaenda kwa watu ambao wangezivaa kweli. Nikamshauri sasa aachane na mambo ya urembo kabisa, avae chochote kama mimi, apumzike. Alinitazama kuanzia viatuni hadi kichwani, taratibu, akasema kupenda nguo si ugonjwa. Ugonjwa ni kununua usichokipenda. Wiki iliyofuata akaanza kuchumbia.

Ni lazima niseme alikuwa akifanya kazi gani, la sivyo hutaelewa kilichotokea mwaka huu. Kwa miaka ishirini na sita Pasi alikuwa mapokezi kwenye kliniki ya macho. Wagonjwa wa pale hutiwa matone ya kupanua mboni, na baada ya hapo huona ukungu tu. Wengine hutoka chumba cha upasuaji jicho moja limefungwa, na lile la pili nalo si la kutegemewa. Ukiwaambia wafuate vibao vya ukutani unawaonea. Kwa hiyo Pasi alivaa rangi. Njano leo, nyekundu kesho, kijani cha kung'aa keshokutwa. Asubuhi aliwaambia waliokaa kwenye mabenchi, "Mimi leo ni njano. Ukiona njano inasogea, inuka uifuate." Nao walifuata, wazee kwa vijana, wakishika ukuta, kupitia ule ukumbi mrefu hadi mlango wa daktari. Nimewaona kwa macho yangu. Kuna waliomjua miaka mingi bila kuijua sura yake.

Sasa mwaka huu ukawa wa kustaafu. Miezi miwili kabla ya siku yenyewe, mwenye duka la nguo lililo jirani na chumba changu alinipitishia suruali ya mteja ya kupunguza, na katika mazungumzo akanidokeza kwamba dada yangu amekuja kwa ajili ya gauni moja mara tano. Nikamwambia labda amehesabu vibaya. Akasema yeye anachohesabu vizuri kuliko vyote ni watu wanaojaribu nguo bila kununua. Tano, siyo tatu.

Nilikwenda kuliona hilo gauni. Lilikuwa la rangi ya mdalasini, mikono mirefu, kiuno kimekatwa na mtu anayejua mwili wa binadamu, na bitana imeshonwa kwa mkono. Mimi ni mgumu wa kusifu kazi ya mwenzangu, lakini hiyo niliisifu. Nikarudi kwenye cherehani yangu roho juu. Mara tano maana yake nini? Ama ule ununuzi wa zamani unarudi, na safari hii atakaa ndani kutwa nzima, si jioni peke yake. Ama analitaka na anajinyima. Nikachagua hilo la pili kwa sababu lilinipa kitu cha kufanya. Nikaenda nikalinunua.

Siku ya kumuaga nilikaa kwenye benchi la kliniki pamoja na wagonjwa. Pasi alikuwa amevaa njano. Daktari mkuu alitoa hotuba, manesi wakakata keki, watu wakapiga makofi. Mzee mmoja aliyefungwa jicho alimshika mkono akamuuliza, kwa upole kabisa, kuanzia Jumatatu watafuata nini. Pasi alicheka na kumwambia wameweka vibao vipya vyenye herufi kubwa. Nilikuwa karibu, nikaona anavyolainisha mbele ya gauni lake kwa kiganja, mara mbili, mara tatu, ingawa halikuwa na kunyanzi.

Tulipofika kwake nilimpa kifurushi. Alikifungua polepole, akaona rangi ya mdalasini, akakifunga tena. Nikamsubiri afurahi. Hakufurahi.

"Umenijibia," akasema. "Swali lilikuwa langu."

Nikaanza kujitetea. Nilidhani anajinyima, nilitaka kumwondolea mzigo, zawadi haikataliwi, na mengine ya namna hiyo ambayo mtu husema akishajua ameharibu. Aliniacha nimalize.

"Mara tano nimekwenda kwa sababu siku ya tatu sikupata jibu," akasema. "Ndugu wamelikubali. Viatu vimekubali, mkoba umekubali. Lakini nitalivaa wapi? Nilivalie redio? Nimevaa miaka ishirini na sita kwa ajili ya watu wasioona vizuri, na kuanzia Jumatatu hata hao sina."

Nikasema kuna sherehe, kuna wageni. Akasema hilo si gauni la kungoja sherehe, ni gauni la kutembea nalo kila wiki, na kulifungia kabatini ni kurudi kule alikotoka. Aliyasema bila hasira. Kisha akauliza kama duka hufunguliwa Jumamosi.

Tulikwenda pamoja asubuhi yake. Ukutani pale dukani kuna kibao kwamba mali ikishauzwa hairudi, kimeandikwa kwa rangi nyekundu na kupigiwa mistari miwili. Mwenye duka alitusikiliza akiwa ameshika kiuno. Akasema tangu aanze biashara amerudishiwa nguo zilizobana, zilizochanika na zilizokwisha kuvaliwa kwenye harusi, lakini bado hajarudishiwa nguo kwa kosa la kununuliwa na mtu mwingine. Hata hivyo alilichukua gauni, akalitundika mahali pake palepale, akanirudishia fedha zangu. Nadhani na yeye alikuwa anataka kujua mwisho wake.

Pasi alisimama mbele ya lile gauni. Hakulishika. Nilikuwa nyuma yake, na nilimwona kwenye kioo: mwanamke wa miaka sitini, amenyooka, kola imekaa, mtandio umekaa, na macho ya mtu anayeaga. Nikaogopa. Niliogopa kuliko Jumapili ile ya kabati, maana siku ile kulikuwa na lundo la kushika.

"Njoo ulivalie kwangu," nikasema.

Aligeuka. "Wapi?"

"Pale kwangu kazini. Jumatatu."

"Unanihurumia."

"Nakuhurumia, ndiyo. Lakini si hilo tu."

Na kwa kuwa nilishaanza, nikasema yote, mwenye duka akisikia. Nikamwambia muhula uliopita akina mama watatu walinirudishia blauzi za watoto wao, nami nikawapandishia sauti. Mmoja wao, mama mpole, aliniambia kwamba nashona kama mtu anayefukuzwa. Tangu siku hiyo neno lile halijanitoka, kwa sababu ni kweli. Nakata, naunga, natupa kwenye kikapu, nashika nyingine. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikaa nikaitazama nguo niliyoimaliza. Nilipenda kazi hii zamani, kabla sijaanza kuigeuza rundo, na sikuwahi kumwambia mtu kwamba sasa siipendi.

"Wewe unaitazama nguo siku tatu kabla ya kuinunua," nikamwambia. "Mimi siitazami hata dakika moja kabla ya kuiuza. Nakuhitaji mlangoni kwangu, nguo isitoke mpaka uione."

Pasi akauliza kama nina kioo kule. Nikasema kipo, kina ufa. Akauliza napasi wapi nguo zilizokwisha kushonwa. Nikasema huwa sizipasi, akina mama watapasi wenyewe nyumbani. Alifumba macho kidogo kama mtu aliyeumwa jino. Kisha akanitazama tena, si kwa jicho la dukani, bali lile la utotoni, aliponikagua kila asubuhi kabla hatujatoka kwenda shule na kunifunga kamba za viatu upya.

"Kwa hiyo tukigombana?" akauliza.

"Tutagombana."

"Na wateja wako wanaona?"

"Wanaona vizuri sana. Ndiyo shida yangu."

Hapo alicheka, kicheko kifupi, na mwenye duka naye akacheka ingawa alijitia anapanga mikanda. Pasi alilishusha gauni kutoka kwenye henga, akaingia nalo chumba cha kujaribia, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa amelikunja mkononi. Akaenda kaunta, akafungua mkoba wake mwenyewe, akalipa.

Jumatatu nilifika mapema kuliko kawaida. Nilifagia, nikafuta kioo chenye ufa, nikasogeza marobota ya vitambaa ili pawe na njia. Kwenye kamba nilikuwa nimetundika blauzi kumi na mbili nyeupe zilizokuwa zinachukuliwa siku hiyo hiyo, na kusema kweli nilikuwa na wasiwasi wa mwanafunzi siku ya mtihani.

Alifika saa mbili kamili. Gauni la mdalasini lilimkaa kama alizaliwa nalo, na pale katikati ya kijivu na buluu kila mtu barabarani aligeuza shingo. Nilitaka kumwambia amependeza, lakini hakunipa nafasi. Aliweka mkoba, akatoa miwani, akaanza mwanzo wa kamba. Akaigeuza blauzi ya kwanza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono, akaiachia. Ya pili hivyo hivyo. Kwenye ya tatu akasimama.

"Kola hii imekaa upande," akasema. "Fumua."

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba ni blauzi ya mtoto wa darasa la pili, kwamba kufika mchana itakuwa imeshapakwa wino, kwamba nina kazi. Kisha nikaitazama. Nilikaa nikaitazama hasa, na kweli ilikuwa imekaa upande. Nikachukua wembe nikaanza kufumua.