Mbuzi Wangu Walivyoenda Kuposa Bila Mimi

Mimi siwezi kumcheka mtu aliyeaibika, kwa sababu mimi mwenyewe nilikataliwa na msichana wa miaka mitano mbele ya watu wazima wenye heshima zao, nikiwa nimepakwa udongo usoni na mguu umefungwa matambara, na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba alinikataa vizuri sana.

Ilikuwa miaka ya themanini, kule milimani juu ya Tawa. Nilikuwa fundi wa mbao, kijana mwenye shati moja la maana. Siku hiyo ilikuwa ya soko, na mama alikuwa amenikabidhi mbuzi watatu, majike wawili na beberu mmoja, niwauze kabla ya saa sita, maana dada yangu Mutheu alikuwa ameitwa Form One na Jumatatu alitakiwa kufika shuleni na sanduku, godoro na yunifomu, na hao mbuzi ndio walikuwa sanduku, godoro na yunifomu. Mama aliniambia neno moja tu, "Usisimame popote." (Ananijua.)

Sasa njia ya kwenda sokoni inapita kando ya nasari ya kanisa, na nasari ilikuwa na Mwalimu Wayua. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimewatengenezea watoto viti vidogo, kwa hiyo nikajiambia si vibaya nikiingia dakika mbili kuangalia kama kuna mguu unaolegea. Hakukuwa na mguu unaolegea, nilivitengeneza mwenyewe na nilijua. Lakini niliingia, na mbuzi nikawafunga kwenye mti wa mukau pale nje.

Lazima niwaambie kuhusu huyo mwalimu, la sivyo mtanidhani mjinga zaidi ya nilivyokuwa. Wayua alikuwa amekwenda kozi Machakos, na akarudi na maneno kwamba mtoto mdogo anajifunza akicheza. Wazazi walinung'unika sana. Baba yake mwenyewe, Mzee Nzioka, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na boma lake liko ng'ambo tu ya barabara, alisimama kwenye mkutano wa wazazi akasema hawakujenga nasari ili watoto wapike mchanga. Lakini mimi niliona kwa macho yangu. Kona hii watoto wanauza duka la mikebe mitupu, kona ile wanafinyanga ng'ombe wa udongo, na kila ng'ombe ana jina na ugonjwa wake, pale kati kuna mtoto anabembeleza gunzi la mahindi na kulikaripia kabisa kama mama yake anavyomkaripia yeye. Na Wayua hapigi kelele. Anapita polepole, anauliza swali moja, anaondoka, na hilo swali linawafanyisha kazi nusu saa. Nilikuwa nimefundishwa na mwalimu wa kiboko, nikasimama pale mlangoni nikiwaonea wivu watoto wa watu.

Ndipo akaja Mwende, mtoto wa miaka mitano, mdogo wa mwili, mkubwa wa mdomo, leso ya mwalimu imefungwa mabegani.

"Fundi, tupatie hao mbuzi yako kidogo."

"Za nini?"

"Za mchezo."

Nikasema sawa, lakini msiende mbali. Hapo ndipo nilipojimaliza. Mtu mzima mwenye akili angeuliza mchezo gani, lakini mimi nilikuwa naangalia mwalimu kama anaona nilivyo mkarimu kwa watoto.

Hata sijageuka vizuri, kijana mmoja wa miaka minne akanishika mkono akaniambia mimi ni mgonjwa. Yeye ni daktari. Nikalazwa kwenye gunia, nikafungwa matambara mguu mzima, nikapakwa dawa ya udongo mwekundu kwenye paji na mashavu, nikaambiwa nifunge macho na nisiongee kwa sababu nina malaria ya mguu. Nilitii. Wayua alipita akaniona, akacheka kidogo, na mimi nikaona siku yangu imenyooka, soko linaweza kungoja.

Kisha nikasikia vigelegele, na havikuwa vya watoto.

Kwetu Ukambani, mbuzi wa kwanza kabisa ambao ukoo wa mvulana unapeleka kwa kina msichana wanaitwa mbuzi wa ntheo. Ni watatu. Wakipokelewa, msichana huyo ni wenu, yale mengine yatakuja polepole. Mwende alikuwa ameona ntheo ya shangazi yake mwanzo wa wiki ile, kwa hiyo wiki nzima walikuwa wakicheza ntheo kwa mbuzi wa udongo, na siku hiyo Mungu akawaletea mbuzi wa kweli, tena hesabu kamili. Wakajipanga mstari, wakaimba, wakavuka barabara, wakawapeleka kwa kina bibi arusi. Na bibi arusi wa mchezo wao, kama mlivyokwisha kudhani, alikuwa mwalimu wao.

Nilikimbia na matambara yangu yakiburuta. Nilipofika, mama yake Wayua na jirani zake wawili, waliokuwa wakipura mbaazi, walikuwa wanacheza ngoma na watoto, na Mzee Nzioka ameketi anasugua kisu kwenye jiwe. Beberu wa ntheo huchinjwa, hiyo ni desturi. Yule beberu alinitazama, na mimi nikaona sanduku la Mutheu likienda.

"Hatimaye," akasema mama yake Wayua. "Tumekuona ukizunguka hapo nasari wiki mbili. Tukasema huyu ni mwoga, kumbe anatuma watoto."

Mzee hakucheka. Aliniangalia udongo usoni, akaangalia mguu. "Kijana, hizi mbuzi ni zako?"

"Ndiyo, mzee." (Ni za mama.)

"Na umeleta kwangu kwa nia hiyo?"

Jibu lilikuwa hapana. Lilikuwa fupi na lilikuwa la kweli. Lakini nilimwona Wayua akiingia getini anahema, na nikakumbuka kwamba mbuzi wakishapokelewa kwa vigelegele, mvulana anayewachukua tena amemtupa msichana, na jina la Wayua lingebebwa kutoka Tawa mpaka Emali na kurudi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliona njia rahisi ya kumpata bila kuwahi kumwambia neno, na dada yangu nikamsahau kabisa, nikasema, "Ndiyo."

Wayua alisimama. Alinitazama mimi, akatazama kisu, akatazama watoto ambao sasa walikuwa wameogopa, maana waliona wakubwa wamenyamaza. Mpaka nife nitakumbuka alichofanya. Hakumkemea mtu. Alichuchumaa mbele ya Mwende, akamwuliza kwa ile sauti yake ya darasani, "Mwende, mchezo haujaisha. Kina mvulana wameleta mbuzi. Sasa kina msichana wanasema aje?"

Mwende akafikiri. Akatoka upande wa walioleta mbuzi, akazunguka akasimama upande wa pili, akavuta leso juu kichwani, akakohoa kikohozi cha bibi mzee.

"Sisi tumefurahi mmekuja," akasema. "Mbuzi ni mzuri, haina upele. Lakini msichana wetu ako na kazi ya watoto, na hajasema anataka. Hatuwezi kula mbuzi ya mtu na msichana hajasema. Kunyweni uji, halafu mwende nazo salama."

Mmoja wa wale jirani akaanza kucheka, akafuata mama yake Wayua, na mwisho Mzee Nzioka mwenyewe, kicheko cha mtu aliyesahau anavyocheka. Akaweka kisu chini.

"Nani amefundisha huyu mtoto maneno ya ukoo?"

"Hakuna mtu, baba. Aliona, akaja akacheza."

"Na mimi ndiye nilisema wanapika mchanga tu," akasema mzee, akatikisa kichwa. Kisha akanigeukia. "Fungua mbuzi zako. Kina msichana wamejibu."

Kwa hiyo mbuzi walirudi bila mtu kutupwa, na jina la Wayua likabaki safi, kwa sababu katika mchezo kina msichana ndio waliokataa. Aibu yote ilikuja kwangu, ndiko ilikostahili. Nikapewa uji, na huwezi kukataa uji wa watu, nikaunywa mbele yao wote udongo ukipasuka mashavuni kila nikimeza.

Wayua alinisindikiza mpaka barabarani. "Ile 'ndiyo' yako," akasema, "ulikuwa unacheza ama?"

"Nilikuwa nacheza, Mwalimu."

"Nilidhani hivyo. Mtu hawezi kuoa na sanduku ya dada yake."

Alijua. Mutheu alikuwa amemwambia kanisani. Nikavuta kamba nikaenda, na sokoni nilikuta wanunuzi wazuri wameshaondoka, nikawauza kwa bei ya kunihurumia. Mutheu alikwenda na sanduku na yunifomu, godoro tuliomba kwa jirani, na mama hakuniuliza nilisimama wapi, jambo lililokuwa baya kuliko kama angeniuliza.

Miaka miwili baadaye Wayua aliolewa na mtu wa reli wa Emali, na nasari ikampoteza mwalimu ambaye mpaka leo sijaona mfano wake. Mimi nilikawia kuoa. Lakini wakati wangu ulipofika, kabla sijafungua mbuzi hata mmoja zizini, nilivaa shati langu nikaenda peke yangu kwa msichana mwenyewe, nikamwuliza kama anataka, vile nilivyofundishwa na mtoto wa nasari. Alichukua siku tisa kuniambia ndiyo, na siku zote tisa sikumtuma mtu wala kumsukuma.