Mbegu za Mke Mkubwa

Baridi ya Julai ilikuwa ya kukata masikio, lakini Aluoch wa mtaa wa Mbotela hakuilalamikia. Kwake hayo ndiyo majira ya kupanga kazi za shamba. Shamba lenyewe, kama utaliita shamba, ni kijipande nyuma ya zile nyumba kuukuu za kaunti, nusu yake na nusu ya mke mwenzake Amondi, mke mkubwa wa marehemu Ooko. Kila mwaka kabla ya mvua za vuli, wanawake wa hapo huagiza mbegu za mboga za kienyeji kwa pamoja, na jirani yao Mbinya ndiye hupigia mwenye duka simu.

"Wewe ni managu, saga na mrenda kama kawaida, si ndiyo?" Mbinya alimuuliza. "Kesho naagiza."

"Ningoje kidogo."

Wako watakaocheka. Wacheke. Kwa Wajaluo, mke mkubwa ndiye huanza kutia mbegu ardhini. Mdogo akitangulia, ni kama ametangaza kwamba mwenzake hayupo tena duniani. Na Amondi tangu Pasaka alikuwa mtaa wa Huruma kwa mwanawe Austine, mkono wa kulia umepooza, maneno hayamtoki mpaka aulizwe.

"Mama, hii ni Nairobi," Mbinya alimwambia. "Sisi Wakamba tukiona wingu tunapanda."

"Nyinyi ni nyinyi," Aluoch alijibu, akachukua leso yake, akaenda Huruma.

Alimkuta Amondi amelala, uso ameupa ukuta. Akamweleza habari ya mbegu.

"Panda tu, Aluoch," Amondi alisema bila kugeuka. "Nimekuruhusu. Mimi yangu yameisha."

Ruhusa ndiyo hiyo, kapewa bila kuomba mara mbili, na ilimchoma moyo. Tusidanganyane, hawa wawili walinuniana miaka na miaka kwa ajili ya Ooko, hata chumvi hawakuombana. Lakini Ooko alipokufa na jamaa wakatawanyika, aliyebaki kumpikia Aluoch uji ni nani? Ni huyu huyu. Aluoch hakutaka ruhusa. Alitaka Amondi aishi.

Akameza machozi, akajitia ujeuri.

"Haya, asante, Mama Austine. Basi tuta lako la saga nitaling'oa, nijaze sukuma wiki kote. Saga ni chungu, watoto wa siku hizi hawaitaki. Na nikibakisha kidogo, mbegu nitazimwaga tu hivyo hivyo, hiyo kazi ya kuchanganya na mchanga ili zienee siiwezi."

Kisha kitanda kikalia, na Amondi akageuka, polepole, kwa shida, mpaka wakatazamana.

"Sukuma? Kwenye tuta langu?"

"Si umeniruhusu?"

"Nani amekuruhusu? Tangu uolewe hujui kumwaga saga, unairundika mahali pamoja kama mtu anayelisha kuku. Mwambie Mbinya aagize saga, na yale managu ya majani mapana. Na jembe usiliguse mpaka nije nianze mimi."

"Na mkono, mama?"

"Kwani wa kushoto umeenda wapi?"

Aluoch aliinamisha kichwa kama mtu anayekaripiwa, ili machozi yake yasionekane. Hakuwahi kufurahia matusi ya mke mwenziwe namna hiyo. Akatoa simu, akampigia Mbinya palepale kando ya kitanda, akamwambia aagize mbegu za watu wawili.