Sauti Iliyodai Kuniona

Nililelewa Kitale, Kenya, na wazazi waliotoka Sudan Kusini, na nilipokuja Juba, mji mkuu wa kwao, watu walisema nimerudi, ingawa sikuwa nimewahi kukaa hapa hata siku moja. Nilipanga chumba mtaa wa Nyakuron, nyuma ya duka la mwanamke Mganda aliyeuza sabuni, sukari na intaneti. Sahani ya mtambo wake wa intaneti ilikuwa juu ya mabati, na watu walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya kibanda cha duka, wakilipia saa moja au mbili za kuongea na ndugu zao walio mbali. Mimi nilikuwa nalipa kwa mwezi, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kwenye kompyuta.

Kazi yenyewe ilikuwa kusikiliza. Shirika dogo lililosaidia watu kutafuta ndugu waliopotezana wakati wa vita lilirekodi sauti za akina mama walio Mangateen, kambi ya waliokimbia vita, nami nikazitafsiri kutoka Kinuer, lugha ya kwetu, na Kiarabu cha Juba hadi Kiingereza. Wengine niliwajua kwa sura, kwa kuwa niliwahi kwenda kukaa nao wakirekodiwa. Walitaja majina ya watoto wao, vijiji, njia walizopita, na nani aliwaficha. Walisema mambo hayo kwa kuwa tuliwaahidi kwamba hayatatoka nje.

Asubuhi ile nilikuwa kwenye sauti ya mama mmoja anayemtafuta mwanawe wa kiume. Alitaja aina ya nyasi ambayo sikujua jina lake kwa Kiingereza. Nikasimamisha sauti, nikaingia kwenye intaneti kutafuta neno hilo, nikabonyeza ukurasa wa kwanza ulioonekana kufaa. Skrini yote ikawa nyekundu. Kompyuta ikaanza kulia kama king'ora, na sauti ya mwanamke ikarudia kwa Kiingereza kwamba mashine imevamiwa, kwamba nisiizime, kwamba nikiizima nitapoteza kila kitu, na kwamba nipige simu sasa hivi kwa namba iliyo chini. Nilijaribu kufunga ukurasa ule, haukufungika. Nilichofikiria ni wale akina mama tu. Nikachukua simu nikapiga.

Mwanamume aliyepokea alikuwa mtulivu. Alijitambulisha kuwa fundi wa kampuni kubwa ya kompyuta, akanitajia namba yake ya kazi na kunitaka niiandike. Salio langu lilipoanza kuisha alisema nisijali, atanipigia yeye kwa njia ya intaneti. Akapiga papo hapo, nami nikamshukuru. Alinielekeza kuweka programu fulani ili aweze kunisaidia akiwa huko aliko, na nilipomaliza kuiweka, mshale kwenye skrini ukaanza kutembea wenyewe. Ule wekundu ukaondoka. King'ora kikanyamaza. Nilihisi kama mtu aliyevutwa kutoka kisimani.

Kisha akanifungulia orodha ndefu yenye alama nyekundu na za manjano, moja chini ya nyingine, akasema kila alama ni mwizi aliyeingia. Akafungua jalada lenye zile sauti za akina mama. Akauliza ni za nini. Nikamwambia ni za kazi. Akasema kwa upole kwamba zinachukuliwa wakati huohuo tunapoongea, na kwamba mara nyingi anayechukua ni mtu wa karibu. Akauliza niko na nani nyumbani. Nikasema niko peke yangu.

"Vizuri, madam," akasema. "Usimwambie mtu yeyote. Usikate simu. Usiondoke hapo. Nimewasha kamera, nakuona, niko nawe."

Taa ndogo juu ya skrini ilikuwa inawaka kweli. Sikujua iliwashwa lini.

Nikiulizwa leo kwa nini nilimwamini, huwa nasema kwamba hakuwa na haja ya kunitisha sana. Katika mji huu mtu hujifunza mapema kushusha sauti anapopita walinzi, na kutotaja majina kwenye simu. Nilikuwa na binamu aliyekaa upande wa Bilpam, karibu na makao makuu ya jeshi, na tukiongea kwa simu tuliongelea mvua na bei ya unga tu. Mtu huyo wa mbali hakujua lolote kuhusu Juba, lakini hofu aliyonitia ilikuta mahali pa kukaa pamekwisha kuandaliwa.

Nikakaa. Mabati yalianza kupata joto. Sikuthubutu kuinuka kufungua dirisha. Alinyamaza kwa muda mrefu huku mshale ukienda huku na huko, na kila nilipoanza kupumua vizuri aliniuliza kama bado nipo. Nilisema nipo. Jirani yangu, yule mama wa duka, alikuja akagonga mlango, kwa kuwa saa hizo huwa tunakunywa chai pamoja.

"Dada, wewe iko ndani? Chai nakuwa baridi."

Sauti ikaniambia sikioni nimwondoe. Nikasema kwa nguvu kwamba nina kazi nyingi, nitakuja. Nilimsikia amesimama pale mlangoni kitambo, kisha ndara zake zikaenda zake. Nilitamani arudi. Nilikuwa umbali wa ukuta mmoja na watu waliokuwa wakicheka na kupiga simu zao, na sikuweza kuwafikia.

Baadaye akataka benki. Akaunti ya Juba haikumfaa, maana benki ile haikuwa na huduma ya intaneti. Hilo lilimkera, nikamsikia akivuta pumzi. Akauliza kama nina nyingine. Ninayo, ya Kenya, tangu nikiwa chuoni. Akasema tuifungue ili aizungushie ulinzi, na mara nilipoingia akaifunika skrini ikawa nyeusi tupu. Huo ndio ulinzi unaowekwa, akasema. Sasa utaletewa ujumbe kwenye simu wenye namba, unisomee.

Ujumbe ukaja kwenye laini yangu ya Kenya. Namba ilikuwepo, na chini yake maneno ya benki: usimpe mtu yeyote namba hii, hata akisema anatoka kwetu. Niliyasoma maneno hayo mara kadhaa. Yeye akauliza kama imefika. Sijui ni nini kilichonisukuma, lakini nilisema bado.

"Basi tusubiri," akasema, na upole wake ulikuwa umepungua. "Usiondoke kwenye kiti. Ukiondoka, nitaona."

Nilikuwa nimebanwa na haja tangu muda mrefu, nikiona aibu kumwambia. Sasa nilishindwa. Niliinuka polepole, simu ikiwa sikioni, nikafungua mlango bila kumwomba ruhusa, nikavuka ua hadi choo kilicho kwenye kona, kilichozungushiwa mabati. Nilijifungia humo nikiwa nasubiri anikaripie.

"Vizuri, madam," akasema. "Nakuona. Umekaa vizuri. Usiogope, tunakaribia kumaliza."

Nilisimama pale gizani, nzi wakinizunguka, mkono mmoja umeshika mlango wa mabati. Akaendelea kuniambia kwamba uso wangu unaonyesha uchovu, kwamba ninywe maji. Alikuwa anakielezea kiti kitupu; taa ya kamera iliwaka, lakini hakuwa akiniona. Nilipoelewa sikufurahi hata kidogo. Nikaegemea ukuta, kwa sababu nilijua sasa kwamba hakukuwa na mwizi mwingine ndani ya kompyuta ila yeye, na kwamba mimi ndiye niliyemfungulia.

Nilitoka chooni nikapita mlango wangu bila kuingia. Nilifika dukani nikaibana simu tumboni ili asisikie, nikamwambia jirani yangu kwa sauti ya chini:

"Zima intaneti."

"Yote? Watu iko ndani, bado iko na saa yao."

"Zima yote, mama. Tafadhali."

Alinitazama usoni. Hakuniuliza la pili. Alipita nyuma ya kaunta akachomoa waya ukutani, na sauti ya yule mtu ikakatika katikati ya neno. Chini ya kibanda watu wakaanza kulalamika, mmoja akauliza kwa Kiarabu kuna nini. Jirani akawajibu kwamba kuna shida, atawafidia muda wao, watulie. Kisha akaja nami chumbani. Nilikibonyeza kitufe cha kuzima na kukishikilia hadi kompyuta ikafa. Nikaketi chini sakafuni. Nilimweleza yote, kwa Kiswahili kilichokuwa kinanikimbia, na yeye akakaa nami hapo sakafuni, kanga yake ikiwa imejaa unga wa dukani.

"Fundi gani nakataza mtu chai?" akasema mwishowe.

Sikulala kwanza wala kujificha, ingawa ndivyo nilivyotaka. Nilipanda bodaboda hadi ofisini nikamweleza mkubwa wangu, mwanamume mpole aliyekuwa mwalimu zamani. Alisikiliza hadi mwisho. Hakunilaumu, aliuliza tu mtu yule alifungua nini na alikaa humo kiasi gani. Akanipa kompyuta ya ofisi. Kwanza tukabadilisha neno la siri la barua pepe, kwa kuwa akiwa nayo hiyo ataweza kuyafungua mengine yote, kisha tukabadilisha mengine yaliyobaki. Benki ya Kenya tuliipigia kwa namba iliyo nyuma ya kadi yangu. Mkubwa alinizuia kuitafuta kwenye intaneti. Alisema wezi huweka namba zao huko pia. Mhudumu akaifunga akaunti huku nikisikia. Palikuwa na ombi la kutuma pesa lililokuwa limesimama, likisubiri ile namba niliyokataa kumsomea.

Mtu anayetunza kompyuta za ofisi aliichukua ya kwangu akaifuta yote, akaipanga upya. Nilimuuliza kuhusu zile alama nyekundu. Akafungua kompyuta yake mwenyewe, nzima isiyo na tatizo, akanionyesha orodha ileile. Kila mashine inazo, akasema, ni kumbukumbu za makosa madogo ya kila siku. Ule ukurasa mwekundu nao ulikuwa ukurasa tu kama kurasa nyingine. Ningeizima kompyuta na kuiwasha, ungeondoka. Sauti za akina mama hazikupotea, ofisi ilikuwa na nakala. Nikamuuliza kama yule mtu alizichukua. Akasema hawezi kujua.

Jibu hilo ndilo nililokwenda nalo nyumbani. Kwa muda mrefu nilikaa na mgongo ukutani hata nikiwa nakula. Nilibandika plasta juu ya kamera. Usiku na mchana simu ilikuwa imenyamazishwa, na nilipoifungua nilikuta simu nyingi za namba nisizozijua, kutoka nchi nisizowahi kuzifikiria. Jirani alinibadilishia neno la kuingilia intaneti bila kuombwa. Lakini sikuingia.

Mkubwa wangu aliamua kwamba wenye sauti lazima waambiwe. Tulikwenda Mangateen pamoja, tukakaa nao ndani ya hema lililofungwa vitambaa upande mmoja, na mimi ndiye niliyezungumza, kwa Kinuer, kwa kuwa mashine ilikuwa yangu. Niliwaambia kuna mtu aliyeingia kwa hila na huenda alichukua maneno yao. Mama mmoja alisimama akasema yake yafutwe, hataki tena kutafutiwa mtu kwa njia hiyo. Yakafutwa mbele yake. Hakuniaga, na tangu siku hiyo tukikutana hunipita.

Yule aliyekuwa akimtafuta mwanawe alikaa na mikono mapajani.

"Mtu huyo anajua lugha yetu?" akaniuliza.

"Hapana, mama."

"Basi hakusikia kitu. Wewe ulisikia. Maliza, binti yangu."

Niliimaliza, ofisini, mlango ukiwa wazi. Mwanawe bado hajapatikana.

Baada ya hapo, wakati nilipokuwa nimeanza kupokea simu tena, alinipigia simu mwanamke mmoja. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya huruma. Alilijua jina langu. Alisema anatoka kitengo kinachowasaka matapeli, kwamba yule mwanamume amekamatwa, na kwamba wamekuta vitu vyangu kwake. Akanipa pole. Kilichobaki, akasema, ni kuingia kwenye kompyuta yangu mara moja tu wafute nyayo zake, na tafadhali nisikate simu.

Nilikuwa nimeketi kitandani. Niligundua kwamba mgongo wangu umenyooka na magoti yamekutana, kama nilivyokuwa nimekaa siku ile nikidhani naonwa. Mwili ulikuwa umeshatii kabla sijafikiri. Nilitaka kumwambia maneno makali, lakini hayakuja. Nilikata tu, nikaizuia namba.

Siku iliyofuata nilibeba kiti na meza ndogo nikaviweka chini ya kibanda cha duka, karibu na kaunta. Jirani alisogeza mifuko ya sukari kunipa nafasi. Hapo ndipo ninapofanyia kazi sasa, vipokea sauti masikioni, katikati ya watu wanaowapigia kelele ndugu zao walio mbali. Kuna joto na vumbi, na mara nyingi naombwa nisome ujumbe wa mtu asiyejua Kiingereza. Juzi mwanamke mmoja alinionyesha ujumbe uliosema simu yake imevamiwa, apige namba fulani haraka. Nilimwambia asipige, aufute, na amwambie mumewe. Alifuta, lakini alibaki ameishika simu ile mbali kidogo na mwili wake, na nilimwelewa. Mimi bado, namba nisiyoijua ikiita, huiacha iite hadi inyamaze, na hapo katikati siwezi kufanya kitu kingine chochote.