Majina ya Ubaoni

Tarehe 12 Septemba 1994, Futi, kama wapima ardhi wenzake wanavyomwita, aliandikishwa chuoni akiwa mwanafunzi wa 37 kati ya 41. Daftari la chuo linaonyesha hivyo mpaka leo. Halionyeshi kwamba alikuwa amepata nafasi vyuo viwili, wala kwamba aliyemchagulia ni mjomba wake. Mjomba alisimama mbele ya ubao wa matangazo wa kila chuo, akapitisha kidole kwenye majina ya waliochaguliwa, akihesabu ya kabila lao. Chuo cha kwanza, wawili. Cha pili, thelathini na wanne.

"Kule chuo cha kwanza ukiota ndoto mbaya utamsimulia nani, mjomba?" alimwuliza Futi.

Futi akaenda cha pili. Miaka mitatu walisoma, wakala na kutaniana kwa lugha ya nyumbani. Raha mustarehe.

Kisha akapangiwa kazi wilaya ya watu wengine. Mwaka wa pili alitumwa kuweka jiwe la mpaka kati ya mashamba mawili. Jirani mmoja alikuwa mhamiaji wa kabila lake. Walichekeshana tangu salamu. Wa pili, mama wa makamo, alisimama pembeni na jembe lake. Kanuni inataka majirani wote waulizwe. Futi hakumwuliza. Hakuwa na kinyongo naye; hakujua tu aanzie wapi. Jiwe likakaa hatua tisa ndani ya shamba la mama yule, kisima chake kikabaki ng'ambo.

"Haya baba, wewe ndiye msomi," alisema mama, akabonyeza dole gumba kwenye fomu.

Jiwe lile halijang'olewa.

Alhamisi iliyopita, binti yake akiwa amechaguliwa vyuo vilevile viwili, Futi alimketisha sebuleni, akamsimulia habari za kisima kwa mara ya kwanza.

"Nenda kule kwenye mchanganyiko, mama."

"Ungesema mapema, baba! Kila mgeni akiingia hapa unamsifia chuo chako mpaka chai inapoa. Na kule kwingine nimeona ubaoni, tuko watatu tu."

"Ulihesabu?"

"Si wewe ulinifundisha? Jana nimethibitisha kwenda chuo chako. Nafasi ya kule wamempa mtu mwingine."



Jumatatu saa mbili asubuhi binti ataripoti chuo cha baba yake. Futi ameomba ruhusa ya siku moja kazini ili ampeleke.