Sentensi Ndefu ya Gidawey

Siku yangu ya kwanza kazini nilifundisha kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, "came", yaani alikuja au walikuja. Ilikuwa Yaeda Chini, shule ya madarasa mawili, na vumbi la lori lililonileta lilikuwa bado linaonekana kwa mbali. Mwalimu Mkuu alinikabidhi chaki akasema, "Binti, hapa usiwe na haraka. Watoto hawa leo wako darasani, kesho wamefuata ng'ombe au asali. Ukimpata mtoto, mpe kitu kimoja cha kuondoka nacho." Mimi nilikuwa msichana wa Endagikot, mtoto wa wakulima, nimetoka chuo cha ualimu na kiburi changu chote. Nilimwona mzee yule mvivu, Mungu anisamehe.

Nilikaa huko mpaka Afisa Elimu aliponiita na kuniambia ninahitajika Hanang, kwenye mashamba ya ngano ya serikali. "Huko kuna watu wazima wanaendesha mitambo mikubwa," alisema, "na wataalamu wa kigeni wanawaeleza kazi kwa Kiingereza. Wanaitikia tu 'yes, yes', halafu wanaharibu. Nenda ukawafundishe."

Nikifumba macho sasa hivi ninaiona ile ngano. Ilianzia nyuma ya kota zetu ikaenda mpaka macho yanachoka, na asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu yake kama blanketi. Kombaini za kuvunia zikiingia humo huoni magurudumu, unaona sehemu ya juu tu ikielea polepole, halafu na hiyo inapotea. Mpaka leo nikiwa nimesinzia kwenye kiti changu huwa nazisikia zikinguruma, nikishtuka nakuta ni mashine ya kusaga ya jirani.

Darasa langu lilikuwa bwaloni, saa kumi na moja jioni, watu wakishanawa mafuta. Ubao haukuwepo. Mkuu wa Karakana, mtu wa maneno machache, alinitolea bati la ubavuni mwa kombaini iliyokufa, akaliegemeza ukutani akaondoka. Juu ya bati hilo niliandika somo nililolipenda kuliko yote: jinsi kitenzi cha wakati uliopita kinavyoungana na kiunganishi ili kufungua sentensi ndogo ndani ya sentensi kubwa.

Vijana mnaosoma haya, msikimbie, ni jambo rahisi. Kwa Kiswahili tunasema mvua ilipokatika, tulilima. Ile "po" imeingia tumboni mwa kitenzi. Kwa Kiingereza kiunganishi husimama peke yake mbele ya kitenzi chake: "When the rain stopped, we ploughed." Madereva walielewa upesi nilipowaambia kwamba kiunganishi ni ile pini inayofunga tela kwenye trekta. Ukiisahau, trekta linaondoka na tela linabaki linakushangaa.

Kilichonisumbua mimi mwenyewe ni "before". Sisi husema kabla hamjaja, kana kwamba wageni bado wako njiani na huenda wakageuza. Mwingereza husema "before you came". Kwake mmeshafika, yamekwisha. Nilikuwa nikiliwaza jambo hilo nikirudi kota jioni, upepo ukipita juu ya ngano, na lilinitia huzuni nisiyoijua ilikotoka.

Mwanafunzi ninayemkumbuka maisha yote ni Gidawey, mpakaji grisi wa karakana, kijana wa familia ya wafugaji wa upande wa Gendabi. Baba yake alikuwa mzee mwenye heshima kubwa, na kwao mzee wa namna hiyo hafukiwi tu. Ndugu na majirani hujenga kilima cha udongo na miti juu ya kaburi, kazi ya miezi, mpaka kinapita kimo cha mtu. Kilima cha baba yake Gidawey kilikuwa kwenye mbuga iliyokuwa ikifunguliwa shamba jipya. Vigingi vilikuwa vimeshapigwa pande zote mbili, na plau ilisubiri mvua ya kwanza ilainishe ardhi.

Gidawey alikuwa ameshakwenda mara moja kwa Mtaalamu, mgeni aliyesimamia kulimwa kwa shamba hilo, akifuatana na karani wa Meneja wa mashamba kama mkalimani. Gidawey alieleza mpaka koo likakauka. Karani akamgeukia mgeni akasema, "He says there is a grave," yaani anasema kuna kaburi, basi. Mtaalamu akainamisha kichwa kwa adabu, akasema makaburi yanaweza kuhamishwa, akaingia kwenye gari.

"Nitakwenda na wewe," nilimwambia. "Mimi nitatafsiri neno kwa neno."

"Hapana, Mwalimu. Wewe ni mtu mzuri, lakini utasema 'he said that'." Somo hilo la "alisema kwamba" alikuwa amelisoma bwaloni wiki hiyo hiyo. "Sitaki kusemewa kwamba nilisema. Udongo ule niliubeba mimi. Kwetu aliyebeba ndiye anaeleza."

"Kiingereza chako ni cha grisi na nati, Gidawey."

"Basi nipe cha baba."

Nilicheka, halafu nikaona hachekeshwi. Tukaanza kazi. Mtaalamu hakuwa mtu mbaya ila alikuwa na haraka. Ukinyamaza kidogo anadhani umemaliza, anakujibu, na akishajibu ameshajibu. Kwa hiyo tulikubaliana maelezo yote yawe sentensi moja, kila kipande kimefungwa kwa kingine, pasiwe na mahali pa kumkatiza. Gidawey aliirudia akiwa chini ya trekta, uso umejaa mafuta, wenzake wakimtania kwamba anaomba mvua ya Wazungu. Mkuu wa Karakana aliwafokea: "Mwacheni. Anakaza kitu chake."

Mawingu yalipoanza kukusanyika juu ya mlima, tulimfuata Mtaalamu kule mbugani. Meneja alikuwepo. Mimi nilisimama pembeni.

Gidawey alianza na "when": baba yangu alipofariki, tulilia. Mtaalamu akafungua mdomo, lakini "and after" ilikuwa imeshafika: na baada ya kulia tulibeba udongo, "because" alikuwa mtu aliyepatanisha watu, tukaubeba "until" kilima kikanipita mimi, na "before you came" ng'ombe walipita hapa wakakizunguka wenyewe, "although" hakuna aliyewachunga. Alikosea vitenzi viwili vitatu. Sikujali. Kisha akamaliza. Mtaalamu alitembea mpaka kwenye kilima, akakizunguka polepole, kisha akarudi akaanza kung'oa vigingi kwa mikono yake. Nililia waziwazi mbele ya Meneja wangu.

"Sasa kila mtu atakuja na kilima chake," Meneja alinung'unika.

Baada ya hapo nilihamishiwa sekondari, nikafanya kazi chini ya wakuu wa shule watatu, mmoja mkali, mmoja mlevi, mmoja mtakatifu. Nimestaafu, nipo Endagikot na mahindi yangu. Wajukuu huniuliza ni mwanafunzi gani aliyefaulu kuliko wote. Wanategemea nimtaje daktari au mbunge. Mimi humtaja shangazi yake Gidawey.

Huyo bibi aliletwa bwaloni wiki chache baada ya vile vigingi kung'olewa. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa Kiswahili cha kuokoteza. "Mfundishe na huyu," Gidawey alisema. "Anataka kumwambia Mtaalamu habari za mume wake."

"Kilima chake kiko wapi?"

"Shamba lile lililofunguliwa kabla ya hili jipya. Lililimwa mwaka jana. Ngano imeshaota juu yake."

"Sasa Gidawey, nimfundishe ili iweje? Kimeshakwisha."

"Mfundishe hivyo hivyo, Mwalimu."

Nilimfundisha kwa sikio tu, maana hakujua kusoma. Alilitamka kila neno kama mtu anayeonja uji wa moto. Kisha tukaenda naye, Mtaalamu akaitwa, na bibi yule akasimama ukingoni mwa ngano akaisema sentensi yake yote, "when" na "until" na "before you came", bila kupaza sauti. Mtaalamu alivua kofia. Bibi alipomaliza, mgeni alinigeukia akauliza mama huyu anataka afanye nini. Uso wake ulikuwa umekuwa mwekundu.

Gidawey akamuuliza shangazi yake kwa lugha yao, kisha akatujibu.

"Hataki kitu. Anasema alitaka tu, siku mgeni akirudi kwao, ajue alilima juu ya nani."